Kodi ya Dharura ya Hattie

Kila alasiri Hattie Oldroyd alirudi kutoka shule, akatupa mkoba wake kwenye ngazi, akavaa viatu vya mvua na kuvuka barabara kwenda kumchukua Biskuti kwa matembezi. Biskuti alikuwa mbwa wa jirani yao, Bi Enid Thackray, ambaye nyonga yake mbovu haikumruhusu tena kushuka hadi ufukweni mwa mji wao wa Scarborough, Uingereza. Kila Ijumaa bibi huyo alimtilia Hattie pauni chache mkononi. Hattie akikataa, aliambiwa, "Chukua bwana, ukale chipsi!"

Alipotimiza miaka kumi na sita, Hattie alipata kazi yake ya kwanza, kuhudumia wateja mwisho wa wiki katika mkahawa wa Bwana Lumb. Siku ya kuanza alipewa fomu ya mfanyakazi mpya. Jina aliandika, anwani aliandika, kisha likaja swali: Je, una kazi nyingine? Kalamu ikasita: zile pauni za Ijumaa nazo ni kazi? Akijibu ndiyo, watu wa kodi watamgongea Bi Enid mlango. Akijibu hapana, atakuwa ameidanganya serikali. Akaikunja fomu na kuisukumiza chini kabisa ya mkoba.

"Ile fomu umeijaza?" Bwana Lumb aliuliza akiwa amebeba sahani.

"Nimeiweka ofisini."

Mkahawa ulikuwa umejaa, naye Bwana Lumb hakuuliza tena. Basi Hattie, kwa kuogopa uongo mmoja, akawa amesema mwingine.

Mwisho wa mwezi alipewa hati ya mshahara. Fedha zilikuwa zimekatwa, tena si kidogo. Reece, kijana wa kuosha vyombo, alichungulia begani kwake.

"Duh! Msimbo wa kodi ya dharura! Umewafanya nini watu wa kodi?"

"Dharura maana yake nini?"

"Maana yake wamekushtukia, dada. Jiandae!"

Reece alikuwa akitania tu; hata yeye hakujua maana yake. Lakini Hattie aliikunja hati haraka na kuificha. Wamejua! Tangu siku hiyo hakuvuka barabara. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na Biskuti alipobweka dirishani, aliziba masikio. Tarishi alipotumbukiza bahasha ya kahawia mlangoni, alikuwa wa kwanza kuikimbilia. Chakula hakikushuka. Mama alipomuuliza, alisema ana mafua. Mficha uchi hazai, lakini Hattie alizidi kuficha.

Alhamisi moja mlango uligongwa. Bi Enid alikuwa amesimama kwenye manyunyu, ameegemea fremu yake ya kutembelea, na Biskuti ameloa chapachapa.

"Sikuja kukaa, Denise," alimwambia mama yake Hattie huku akihema. "Nimekuja kumuuliza mtoto. Hattie, nimekukosea nini?"

Hattie akaangua kilio. Yote yakamtoka: fomu, uongo, hati ya mshahara. "Watakukamata, Bi Enid! Wameshajua!"

Mama aliisoma ile hati, akaketi kando yake. "Mwanangu, hawajajua kitu. Ndiyo shida yenyewe! Fomu yako haijafika, kwa hiyo hawajui una kazi moja au kumi, wala kama unapata kiasi cha kutozwa kodi. Mpaka wajue, wanakata katika kila pauni. Si adhabu. Hata mimi kazi yangu ya kwanza nilikatwa hivyohivyo, nikalia chooni."

"Na Biskuti je?"

"Wanauliza kuhusu mwajiri anayekulipa mshahara. Jirani kukupa za chipsi si mshahara. Ungeniuliza tu!"

"Mwajiri, mimi!" Bi Enid alisema akifuta miwani.

Jumamosi Hattie alimkabidhi Bwana Lumb fomu iliyojazwa. "Sikuiweka ofisini," alisema, masikio yakimwaka. "Nilikudanganya."

"Kumbe! Nami nimemgombeza mhasibu wangu kwamba kaipoteza. Mpelekee chai, na umwombe radhi mwenyewe."

Alimpelekea, akaomba radhi. Mshahara uliofuata ulikuja na msimbo mpya, na fedha zilizokatwa zikarudishwa. Hattie alivuka barabara mbio kumwonyesha Bi Enid.

"Vizuri," Bi Enid alisema. "Watu wa kodi hawakuambiwa kitu, wakakisia. Wewe hukuuliza, ukakisia. Na mimi nilikaa dirishani nikakisia kwamba umenichoka. Jambo likikutisha, mwanangu, liseme au liulize siku hiyohiyo, maana mtu asiyeambiwa hukisia baya. Serikali imekurudishia fedha zako. Alasiri zangu zile, nani atanirudishia?"

Hattie alimkumbatia, kisha akaenda kuitafuta kamba ya Biskuti.