Mkono Uliobaki Begani

Mkasi, mpiga picha, alibaki studio jioni ile kwa kazi ya dakika tano tu. Jina hilo la utani alipewa na wateja, maana hakuna aliyemfikia kwa kumkata mtu kwenye picha na kumtoa peke yake, nyuma peupe, hata unywele usipotee. Safari hii mteja alikuwa yeye mwenyewe. Mchumba wake alitaka picha ya kadi za harusi, na mchapishaji alikuwa anakaribia kufunga.

Picha nzuri aliyokuwa nayo ni moja: siku ya kuhitimu chuo, suti ya kuazima, tabasamu mpaka jino la mwisho. Nyuma yake amesimama mama yake, kandambili miguuni, mkono wa kushoto begani kwa mwanawe. Ule mkono wenye kovu, vidole viwili vimeshikana. Mkasi akiwa mtoto alivuta sufuria ya maji ya moto, mama akakinga kwa mkono.

Na huyu bwana, jamani, alikuwa anamwonea haya! Aliwaambia wakwe zake watarajiwa kwamba mama ni mwalimu mstaafu, anaumwa miguu, hasafiri. Mwalimu wapi! Mama alifua nguo za watu, na nguo hizo ndizo zilizomsomesha.

Akafungua programu, akabonyeza kitufe cha kufuta nyuma. Ukuta ukaondoka. Miti ikaondoka. Mama naye akaondoka...

Mkono ukabaki.

Si ajabu. Kompyuta mara nyingine hudhani mkono na suti ni kitu kimoja. Akachukua kifutio, akaufuta kidole kimoja kimoja, akapaka rangi ya suti juu yake. Akaikuza picha aone kama pametakata.

Mkono upo.

Akafuta tena. Ukarudi, na sasa umekaza. Kitambaa cha suti kimejikunja chini ya vidole. Chumba kikaanza kunuka sabuni ya kufulia, sabuni ya mche, na nguo mbichi... Mkasi akageuka. Taa. Kiti cha wateja. Pazia jeupe la kupigia picha. Hakuna mtu. Ila begani kwake, bega lake mwenyewe la nyama na mfupa, kulikuwa na uzito. Uzito wenye maji.

"Usinisukume, mwanangu."

Sauti ya chini, sikioni kabisa. Sauti ya mama.

Angeacha hapo, tungesema hofu imemtia adabu. Lakini simu ikatetemeka, ujumbe wa mchumba: "Wanafunga. Mbona hutumi?" Mkasi akauma meno, akafuta mpaka bega likawa suti tupu. Kisha akafanya jambo ambalo mtu wa kazi ile hafanyi. Kila siku hutengeneza nakala kwanza, picha halisi haiguswi. Jioni ile akasevu juu ya ileile, ya pekee, makusudi, asije mtu akaiona siku moja na kuuliza yule mama ni nani.

Uzito ukatoka begani. Shati lilikuwa limelowa umbo la kiganja.

Akatuma. Hajafika mlangoni, simu ikalia. Dada yake.

"Mama yuko kwako?"

"Hapana. Kwani vipi?"

"Tulikuwa tunaanua nguo. Akaniambia, 'Hebu ona, kuna mtu ananisukuma.' Akacheka. Nikainama kuokota kibanio... nainuka, hayupo. Kandambili zake hizi hapa. Njoo!"

Walitafuta siku tatu, nyumba kwa nyumba, hospitali kwa hospitali. Siku ya nne wakaenda polisi. Askari akaandika maelezo, akainua kichwa. "Nipeni picha yake."

Dada akamgeukia. "Mpe. Wewe si ndiye mpiga picha?"

Mkasi alikuwa amewapiga picha mama za watu wote mtaani. Wa kwake, hata mara moja. Kila akiombwa alisema kesho, mama, kwanza ubadilishe nguo.

"Ile ya siku ya kuhitimu," dada akasema. "Anayoipenda."

Akaifungua kwenye simu. Yeye peke yake, nyuma peupe. Dada akaitazama sana. Halafu akamtazama yeye, na Mkasi akatamani ardhi ipasuke. Machozi ya aibu yakamtoka mbele ya askari.

"Umemtoa?" dada akanong'ona. "Umemtoa mama?"

Askari akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Na huu mkono hapa begani ni wa nani?"

Tangazo bado liko kwenye nguzo za umeme mtaani. Lina picha ya mkono mmoja wa kushoto wenye kovu, umekatwa vizuri mno, nyuma peupe. Chini yake: *Mama yetu, mfua nguo. Ukimwona, piga namba hii.* Namba ni ya Mkasi. Harusi haijatajwa tena.

Simu hulia jioni jioni, namba haionekani. Akipokea husikia maji, nguo ikikamuliwa polepole.

"Mama, nisamehe. Uko wapi?"

"Niko nyuma yako, mwanangu."

Hugeuka kila mara. Pazia jeupe tu.