Kikuyu cha Nduta

Jambo la kwanza lililomtia Nduta wasiwasi ni kwamba kazi ilikubali mara moja.

Yeye na Gagandeep walikuwa na ofisi ndogo juu ya duka la vitambaa la akina Gagandeep, mjini Kitale. Walikuwa wametengeneza plagini, programu ndogo ya kupachikwa kwenye kihariri ambamo watu huandika msimbo. Ilimkamilishia mwandishi mstari na kumwonyesha alipokosea. Shida ni kwamba ilijua lugha moja tu ya kompyuta. Mteja alitaka ziongezwe nyingine, na Kotlin, ya kwanza kujaribiwa, iliwatoa jasho. Wakirekebisha hapa, kule kunabomoka.

Alasiri moja ya mvua, Nduta akiwa peke yake, aliegemea kiti akanung'unika, "Yeyote anaweza kunisaidia na hii kitu, aje tu. Achukue chenye anataka."

Alipoinua macho, pale palipomshinda pamejazwa. Msimbo safi, na si yeye aliyeuandika. Akaujaribu. Ukakubali.

"Ni wewe umemaliza?" akamuuliza Gagandeep alipopanda ngazi.

"Mimi? Si nilikuwa chini dukani. Bana, kama imeshika, wacha ishike." Kisha akanusa. "Ati ni nini inaungua hapa?"

Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Jioni hiyo Nduta alimpigia simu mama yake, Bilha, mkulima wa Saboti. Bilha akaongea kwa Kikuyu kama siku zote, na Nduta hakuelewa hata neno. Alidhani ni mtandao. Lakini sauti ilikuwa safi kabisa. Alimsikia mama akicheka, akiuliza kitu, akingoja jibu. Lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ilikuwa imemtoka yote.

"Mum, ongea Kiswahili," akasema.

"Kwani siku hizi unaona aibu na mimi?" Bilha akauliza, akakata simu.

Nduta hakumwambia mtu. Lakini walipofungua ofisi asubuhi, walikuta plagini inajua Rust pia, lugha nyingine ya kompyuta, na hakuna aliyekuwa ameigusa. Gagandeep alikuwa amesimama mlangoni, uso umemwiva.

"Nduta, nyanya amenisalimia asubuhi na sikumwelewa. Punjabi imeenda. Yote. Analia, anadhani namchezea."

Hapo ndipo walipousikia mnong'ono. Ulitoka ndani ya kompyuta, chini ya mvumo wa feni yake, ukapanda polepole kama mtu anayejaribisha mdomo mpya, ukasema maneno ambayo Gagandeep alijua kwa lafudhi tu kwamba yalikuwa yake zamani, ukanyamaza, ukavuta pumzi, kisha ukaanza Kikuyu, laini, bila kukwama, kwa sauti ya Nduta mwenyewe.

"Unaskia?" akanong'ona Nduta.

"Naskia. Usijibu."

Waliamua kuwa ni jini, wakampeleka Bungoma, kompyuta imefungwa ndani ya shuka, kwa mama mmoja aitwaye Nasambu. Alikuwa fundi wa kushona, mteja wa zamani wa duka la akina Gagandeep, na watu walijua alikuwa na kazi nyingine ya kutoa pepo. Aliwasikiliza bila kuinua macho kutoka kwa cherehani yake.

"Hii jini haikuwa na mdomo," akasema. "Inatafuta rugha ya watu. Wewe msichana uliifungulia mrango, tena ukaiambia ichukue. Futeni kazi yote imewafanyia. Usibakishe hata kidogo."

Nduta alisita. Mteja alishaiona kazi na kuisifu. Kisha akakumbuka mama yake alivyokata simu, akafuta Kotlin, akafuta Rust, akafuta hata nakala zilizohifadhiwa mtandaoni. Nasambu akatupa majani makavu kwenye jiko la makaa, moshi ukajaa, akaiamuru itoke. Cherehani, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa, ikaanza kushona yenyewe, kanyagio likipanda na kushuka, sindano ikidunga mbao tupu, kwa kasi, kwa kasi zaidi, huku harufu ya nywele zilizoungua ikiwaziba pumzi na Gagandeep akimshika Nduta mkono hadi ukauma, mpaka sindano ikavunjika na kila kitu kikatulia.

"Imetoka?" Gagandeep akauliza.

"Hapa imetoka," akajibu Nasambu.

Gagandeep akampigia nyanya yake palepale. Baada ya maneno mawili akaanza kulia na kucheka pamoja, alikuwa anaelewa. Nduta naye akatoa simu yake. Bilha akaitika kwa Kikuyu, na neno likaingia masikioni mwa Nduta likiwa na maana yake kamili.

"Maitu," akamwita mama yake kwa lugha yao, "ni mimi Nduta. Nisamehe."

Kisha Bilha akasema, "Wewe ni nani unanichezea? Nduta yuko hapa jikoni kwangu, ameingia sasa hivi. Alikuja kuniomba msamaha mwenyewe. Tunamenya viazi."

Nyuma yake ikasikika sauti ya msichana, tulivu, katika Kikuyu kizuri kuliko alichowahi kuongea Nduta. Safari hii alielewa kila neno.

"Maitu, kata hiyo simu. Halafu nipe kisu kingine, hiki hakina makali."