Mafuta Katika Maji ya Lengalenga

Kila asubuhi Kahambu aliamka akiwa amechoka tayari, kama mtu aliyelala juu ya mawe. Alifagia ua, akawasha makaa, akamtengenezea baba yake chai, kisha akavaa sare na kukimbilia shule huku kamba za viatu zikiburuzika. Zamani kazi hizi zilikuwa za mama yake, Espérance. Lakini mama alikuwa amekwenda Butembo kumzika dada yake, vita vikafunga barabara nyuma yake. Sasa alikuwa sauti ya kwenye simu tu, tena siku zile mtandao ulipokuwa na huruma.

Baba yake, Vital, alikuwa mtu wa malori. Kabla ya vita, malori yake mawili yalibeba bidhaa za wafanyabiashara wenzake wa Kivu Kaskazini waliokuwa na maghala huku Lubumbashi. Maghala yalipobaki matupu, lori moja lilisimama uani mpaka kuku wakalifanya nyumba. La pili lilikwenda Kilwa ya kwetu, ile ya ziwani, kufuata samaki, katika barabara ya mashimo na vumbi linalokula injini. Kila liliporudi, lilihitaji kubadilishwa mafuta.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mafuta yale meusi yaliyotoka kwenye injini, ambayo mafundi huyaita vidanji, hayatupwi ovyo. Fundi Symphorien alikuwa akiyapeleka kwa maseremala upande wa pili wa mtaa wao wa Annexe, nao waliyapaka kwenye mbao za paa ili mchwa wasizile. Lakini Symphorien aliachishwa kazi, maana mshahara wake haukupatikana tena. Vital aliyabadilisha mwenyewe mafuta ya injini, na kazi ya kubeba bidoni, dumu la mafuta yale machafu, mpaka kwa maseremala ikamwangukia binti yake.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na Vital hakuwahi kuibeba bidoni ile kwa miguu. Ilikuwa nzito, ilinuka, na ilimchafulia Kahambu sare. Alivumilia safari za kwanza. Kisha jioni moja, mikono ikiwa imekufa ganzi na masomo ya kesho yakimsubiri, alisimama nyuma ya ukuta wao, penye mfereji unaoshuka kwenye kijito. Maji yanakwenda, alijiambia, yatayachukua mbali. Mtu aliyechoka husadiki upesi jambo linalompumzisha. Akainamisha bidoni.

Baba alipomwuliza kama maseremala wameyapokea, alijibu ndiyo bila kuinua macho. Lori liliporudi tena kutoka Kilwa, alimwaga tena. Uongo wa kwanza ulimtetemesha, lakini wa pili ulimtoka kama salamu.

Ilikuwa katikati ya kiangazi, kijito kimebaki utepe mwembamba. Jumamosi, baba alimtuma anunue lengalenga, mboga za majani za kula na bukari, yaani ugali. Kahambu alishuka bustanini kwa Mama Germaine, mwanamke mnene wa magoti mabovu, aliyezaliwa Muanda, huko nchi yetu inakogusa bahari. Watu wote wa mtaa walikula mboga zake. Kwa bei za siku zile, wengi hawakuwa na kitoweo kingine.

Siku hiyo Mama Germaine hakuwa akiuza. Alikuwa ameinama akiyang'oa matuta yake mwenyewe, lengalenga mbichi zilizofika magotini, akizitupa kwenye rundo. Mteja mmoja alimsihi amwuzie japo kidogo, akisema ataziosha vizuri nyumbani. Mama Germaine alikataa. Alimnusisha jani moja, naye mteja akafunga pua, akaondoka na kikapu kitupu. Juu ya maji ya kijito ulitanda utando wenye rangi za upinde wa mvua, mzuri wa kutazama, ukinuka gereji.

Kando ya maji wenye bustani walikuwa wamemzunguka Mutale, kijana aliyeosha pikipiki pale juu. Ndoo zake walikuwa wamezichukua. Walimtaka aondoke siku hiyohiyo, asionekane tena kijitoni. Mutale alikuwa amefukuzwa mgodini kazi zilipopungua, na kuosha pikipiki ndiko kulikolisha watoto wake.

"Miye natumiaka sabuni, hapana mafuta," alisema taratibu. "Bantu banaletaka pikipiki ya matope. Mafuta ningeitoa wapi?"

Hakuna aliyemsikiliza. Wenye njaa wanapotafuta mkosaji, humkamata aliye karibu.

Mama Germaine aliketi juu ya ndoo kupumzisha magoti. Kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia siku nyingi zilizopita, alianza kuwasimulia habari za kwao. Kule visima vya mafuta vilichimbwa ndani ya bahari yenyewe, na usiku miali ya moto ilionekana mbali juu ya maji. Asubuhi nyingine walikuta mabonge meusi mchangani, yakiganda kwenye nyayo za watoto, na mama zao wakawasugua kwa petroli. Nyavu za mume wake zilirudi zimenuka. Samaki aliyenuka hakuwa na mnunuzi. Mumewe alivua mbali zaidi, kisha mbali zaidi, mpaka safari ikawa haina faida, akaiacha bahari akaja huku kutafuta kazi mgodini. Mama Germaine alisema alidhani harufu ile ameiacha kule. Sasa alikuwa mzee, na hakuwa na nguvu za kuhama tena.

Mfuko wa mboga ulikuwa mtupu mkononi mwa Kahambu, na njia ya nyumbani ilikuwa wazi. Angeweza kuondoka. Mutale angefukuzwa, watu wangetulia, na yeye angebeba bidoni mpaka kwa maseremala maisha yake yote bila kunung'unika. Lakini alimwona Mutale akiokota kitambaa chake kilichoanguka, akikikunja polepole, kama mtu asiyejua aende wapi nacho. Kahambu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Mama Germaine," alisema. "Hapana Mutale. Ni miye njo nilimwanga. Ni vidanji ya lori ya papa yangu. Nilichoka kubeba."

Mwanamke mmoja alianza kumfokea, lakini Mama Germaine aliinua mkono. Aliwaambia wamrudishie Mutale ndoo zake na wamwombe radhi, kisha akamtuma mtu amwite Vital.

Vital alikuja na mikono yake michafu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama rundo la mboga, akamtazama binti yake aliyekonda. Kahambu alingoja kuchapwa. Baba alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Ulinidanganya, na hiyo ni mubaya," alisema. "Lakini nilikupatia kazi ya mutu mukubwa, sikuuliza kama unaiweza. Hapo tumekosa wawili."

Kazi iliyofuata ilikuwa ya jasho. Vital na Mutale waliziba mfereji kwa udongo na magunia ya mchanga. Kahambu na wanawake walitandaza nyasi kavu juu ya utando ule, wakaziopoa zilipolowa mafuta, wakatandaza nyingine, mpaka maji yakaanza kuonekana maji. Nyasi chafu zilijazwa kwenye pipa. Vital aliahidi mbele ya wote kwamba kuanzia hapo mafuta yatakwenda kwa maseremala juu ya lori, naye mwenyewe usukani. Wenye bustani za juu, ambazo uchafu haukuzifikia, wangewagawia wenzao maji. Ila matuta ya Mama Germaine yangengoja mvua zioshe udongo.

Jua liliposhuka, Kahambu alimwendea Mama Germaine. Alitaka kuomba msamaha, akashindwa, machozi yakamwahi.

"Kule kwetu kila muntu alisema bahari ni kubwa, itameza yote," Mama Germaine alimwambia. "Bakubwa ba mafuta balisema vile. Na siye benye kuvua, motori yetu ikimwanga mafuta, tulisema vilevile. Hakuna hata mumoja alikuya kusema: ni miye. We ulikuya. Njo maana leo tumeziba mufereji."

Alijikokota akaliokota jembe lake.

"Kuchoka haiko zambi, mutoto. Kama umechoka, sema umechoka. Lakini usitupie maji muzigo yako, sababu maji itaipelekea muntu mwingine."

Kisha alimnyoshea jembe, akaonyesha tuta la mwisho ambalo bado halijang'olewa.

"Maliza pale. Sasa ni miye njo nimechoka."

Kahambu alifuta macho, akalipokea jembe kwa mikono miwili.