Kishikio cha Mlango wa Baridi

Meneja alikutwa Jumatatu asubuhi, ameketi nyuma ya mlango wa chumba cha baridi kali, magoti kifuani, shati la mikono mifupi limekakamaa kama ubao. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimekatika. Pale mkono huo ulipokuwa ukipapasa palikuwa na tundu tupu. Kishikio cha ndani cha kufungulia mlango hakikuwepo.

Inspekta alilitazama tundu lile muda mrefu kuliko alivyoutazama mwili. Alikuwa na sababu yake.

Koplo wake alishika karatasi zilizotoka kwenye kompyuta. Kiwanda kiligandisha njegere, na tangu mwaka jana mitambo mipya ilirekodi kila kitu: baridi, uzito, mlango kufunguliwa, mlango kufungwa.

"Umefungwa Jumamosi, saa nane na dakika kumi na nne mchana. Haukufunguliwa tena mpaka leo, afande."

"Kengele ya mtu aliyefungiwa?"

"Haikulia."

Fundi wa mitambo akaitwa. Aliingia jasho linamtiririka, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya upepo.

"Kengele uliikata wewe?"

"Niliikata, afande, lakini si kwa kupenda kwangu. Meneja mwenyewe aliniamuru, wiki mbili zilizopita. Eti inampigia kelele kila wapakiaji wakichelewa mle ndani. Nikamwambia, bosi, hii ni roho ya mtu. Akasema nichague, kengele au kazi."

"Una ushahidi?"

Fundi akatoa simu. Ujumbe ulikuwepo, tena kwa herufi kubwa.

"Lo!" koplo akaguna. "Mtu kajichimbia kaburi kwa kidole chake."

"Na kishikio?"

"Ukikizungusha kwa nguvu kinatoka. Ila Ijumaa nilikagua, kilikuwepo. Naapa."

"Jumamosi saa nane ulikuwa wapi?"

"Juu ya paa, na mafundi bomba wawili. Waulize."

Waliulizwa, kila mmoja peke yake. Walisema hivyo hivyo.

"Basi kimekwenda wapi?" Inspekta akafoka. "Hakikuota miguu!"

Fundi akakuna kichwa. "Tuangalie picha za makapi."

"Picha gani?"

Fundi alisahau woga wake, akaanza kujisifia mashine. Zamani wanawake arobaini walikaa kando ya mkanda wakichambua njegere kwa mikono, na bado wateja walileta malalamiko ya changarawe. Sasa kamera inatazama kila punje inayopita. Kisicho njegere kinatupwa pembeni, na kila kinachotupwa kinapigwa picha na kuandikiwa saa. Tangu mashine hiyo ifungwe kiwandani, hakuna mteja aliyevunja jino.

Wakafungua picha za Jumamosi. Punje iliyooza. Ganda. Kijiti. Kisha, saa nane kasoro dakika sita, kishikio cha kijani, kikubwa kama ngumi ya mtoto.

Walikikuta ndani ya pipa la makapi. Mtaalamu wa alama za vidole alikipaka unga wake, akapata dole gumba moja, limekaa vizuri kama lililogongwa muhuri.

"Nani husimama mkandani kabla ya kamera?"

"Siku hizi mmoja tu," fundi akajibu. "Bi Jicho."

Kati ya wale wanawake arobaini ndiye pekee aliyebakizwa, na waliomwita hivyo ni wenzake, kwa kuwa jiwe halikumpita. Inspekta hakuhitaji kuelezwa.

Mwanamke akaingia, akavua aproni, akaketi bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mama."

"Siitikii. Uliza."

"Kishikio ulikitoa wewe?"

"Mimi."

"Meneja aliingiaje?"

"Nilimwambia maboksi yamepasuka mle ndani. Akatangulia. Nikasukuma mlango."

"Hakupiga kelele?"

"Aligonga. Wenzangu walikuwa upande wa pili wanaosha mitambo. Nikaweka sikio mlangoni, nikasikiliza mpaka niliporidhika. Kisha nikaenda nyumbani nikalala. Miaka mitano sijalala vile."

Koplo hakuweza kujizuia. "Lakini mama, ungekitupa chooni, shimoni, popote! Kwa nini mbele ya kamera? Tena bila glovu?"

Akacheka, cheko kavu. "Kijana, mkanda ule naujua kuliko kiganja changu. Unadhani sijui kamera inafanya nini? Nilitaka kionekane."

Akamgeukia Inspekta. "Mwenzako hajui. Mwambie."

Inspekta akaendelea kuandika.

"Basi nitasema mimi. Kitinda mimba wangu alikuwa mpakiaji hapa. Alifia mle mle, nyuma ya mlango ule ule. Kishikio kilikuwa kimevunjika wiki tatu, na meneja alijua. Binti alipokutwa amekufa, kikapachikwa kingine haraka haraka. Wakati ule hapakuwa na kompyuta wala picha. Akaja askari. Nikamshika miguu, nikamwambia, mwanangu, kitazame kishikio, ni kipya, hakina hata mkwaruzo. Hakwenda! Akaketi ofisini kwa meneja, akanywa soda, akaandika kwamba marehemu aliingia kulala. Nikamzika binti yangu kwa jina la mvivu."

Akaigonga meza kwa kidole.

"Mashine ile hainywi soda."

"Huyo askari yuko wapi?" koplo akauliza.

"Ndiye anayeniandika."

Koplo akainamisha macho. Inspekta alimaliza maelezo ya mtuhumiwa. Bi Jicho akatia dole gumba bila kusoma.

"Nitafungwa, sawa. Yule simlilii, wala sitamlilia. Bado wewe."

Inspekta angeweza kumwita askari wa zamu amwondoe. Badala yake akavuta karatasi nyingine, akaandika jina lake mwenyewe juu, na namba yake ya kazi. Akaandika kuhusu kishikio ambacho hakukitazama. Akaandika kuhusu soda. Kisha akaandika mstari mmoja wa mwisho, akaweka kalamu chini.

"Soma kwa sauti," Bi Jicho akasema.

Inspekta akaiinua karatasi. "Marehemu hakuingia kulala. Alikuwa kazini."

"Rudia."

Akarudia.