Aliyesimama Nyuma ya Mama

Katika negativu, ile filamu inayotolewa picha, kila kitu hugeuka: nywele nyeusi huwa nyeupe, kanzu nyeupe huwa nyeusi, uso huwa wa maiti. Batuli aliyajua hayo kama alijuavyo jiko lake, maana kupiga picha ndiko kulikomlisha pale Shella, Malindi, mwaka ule wa themanini na sita. Basi alipoilaza negativu ya marehemu mamake juu ya kisanduku cha kioo chenye taa ndani, alishtuka. Nyuma ya mama alisimama mwanamke ambaye hakugeuka. Uso mweusi, meno meupe, kama mtu anayechungulia dirishani.

Picha nyingine ya mama haikuwako duniani, na hii moja ilikuwa ikiliwa na ukungu. Ndiyo maana Batuli alikuwa amefunga kamera juu ya kisanduku, ikitazama chini, apate nakala kabla haijaoza. Akabonyeza. Chumba kikanuka udi, na chetezo kimo kabatini, baridi. Akaitazama negativu pale kiooni: yule mwanamke hayupo. Lakini ndani ya kamera kitu kilikuwa kikikwaruza.

Alipoisafisha filamu, mwanamke alikuwemo kwenye nakala, mkono begani kwa mama. Na kwenye negativu ya zamani alikuwa amesharudi, vidole shingoni.

Akamwita khalati yake, Bi Hindu, dada wa mamake, ambaye watu wa mtaani humwendea kwa mambo ya majini. Alitazama mara moja tu, akajiziba pua kwa mtandio.

"Huyo ni wa mamako," alinong'ona. "Alimfukizia udi kila Alhamisi. Tangu afe hakuna anayemjali. Mfukizie wewe, mwanangu, au uichome hiyo picha."

"Sifukizi wala sichomi."

"Jini hashindwi kwa kiburi, Batuli."

"Mama alimtumikia mpaka kaburini, khalati. Hata kwenye picha asipumzike? Sikubali."

Kesho yake adhuhuri, Bi Hindu akiwa kando, akatia filamu mpya ya kumnasa yule mwanamke, akabonyeza juu ya negativu, na udi ukaja mzito wa kukaba koo, kamera ikapata moto, ikakwaruza, ikagonga, kisha sauti ya mama, ile ile aliyomwitia chakula utotoni, ikatoka mle ndani ikisema Batuli mwanangu nakosa pumzi, nisafishe, nisafishe upesi, na Bi Hindu akawa anasoma dua huku meno yakimgongana, na Batuli, machozi yakimtiririka, akaing'oa kamera pale ilipofungwa, akaikumbatia akatoka nayo mpaka uani, juani.

"Mamangu hakuniomba kitu maisha yake yote," alisema. "Wewe si yeye."

Akafungua mgongo wa kamera. Kosa hilo ndilo alilokuwa akiwagombeza wateja kila siku, kwamba jua likiingia filamu imekufa. Aliivuta yote nje, mpaka mwisho wake. Kikasikika kilio chembamba, kikakatika. Harufu ya udi ikaondoka na upepo.

Jioni aliipiga upya ile negativu kwa filamu nyingine, akasafisha nakala. Mama alikuwa peke yake kitini, shingo yake safi. Ila mikono, ambayo miaka yote ilikuwa imelala mapajani, sasa mmoja ulikuwa umekunja ngumi, na katikati ya vidole lilining'inia shungi la nywele lililong'olewa pamoja na mizizi yake.

Bi Hindu alitaka kuificha. Batuli akaitundika sebuleni, mkabala na mlango.

"Iache hapo, khalati," alisema. "Tulipigana naye wawili, mimi na mama."