Hewa Katika Bomba Refu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Saimi alikuwa akinywa uji wake wa shayiri, akivaa buti na kofia ya sufu, kisha akisimama chini ya mteremko wa mlango wa ngazi ya tatu ya jengo lao kumngojea jirani yao, Bibi Lempi. Bibi huyo alitembea kwa kusukuma kigari cha kujishikilia, na hakuna baridi iliyowahi kumzuia kwenda kuogelea. Waliongozana hadi kona, mmoja akashika njia ya bwawa, mwingine ya shule.

Vuli hiyo, ua wa jengo lao mjini Kuopio ulikuwa umechimbwa, mabomba yakalazwa chini ya mawe ili maji ya moto yapite humo na kuyeyusha theluji. Kazi ya kuyajaza maji, kuyatoa hewa na kuyasawazisha alipewa Raija, mama yake Saimi, ambaye alikuwa fundi bomba. Aliimaliza Ijumaa, huku Mzee Tarmo, mwenyekiti wa jengo, akimhimiza kila mara kwamba theluji iko njiani.

Jumatatu alfajiri theluji ikaanguka. Mlango wa Mzee Tarmo ulikuwa mkavu kama wakati wa kiangazi. Mteremko wa Bibi Lempi ulikuwa kioo kitupu. Kabla Saimi hajaweza kumwonya, kigari kiliteleza na bibi akauangukia mkono wake. Gari la wagonjwa likamchukua, mkono umevunjika.

Alasiri majirani walikusanyika uani. Mzee Tarmo alisema kazi ile imelipuliwa, na kwamba jengo litatafuta fundi mwingine, safari hii mwanamume. Raija aliinama akaichunguza barafu. Saimi hakuweza kuvumilia.

"Mama halipui kazi," alisema. "Jumamosi nilikuona kwenye kabati la koki za mabomba ya uani, Mzee Tarmo. Ulikuwa na ufunguo mkononi."

"Wewe mtoto, nenda kafanye kazi za shule."

"Nimeshafanya. Fungua kabati."

Jirani mmoja akamtaka aombe radhi. Saimi akakunja mikono kifuani, akajibu kuwa ataomba kabati likishafunguliwa, kama atakuwa amesema uongo.

Raija akalifungua. Koki ya bomba la mlangoni kwa mwenyekiti ilikuwa imeachiwa hadi mwisho. Akawaeleza majirani kwamba maji ni mavivu, hupenda njia fupi. Bomba la mwenyekiti ni fupi, la ngazi ya tatu ni refu kupita yote. Lile fupi lisipobanwa, hulinyang'anya refu fungu lake, na joto lote huishia mlango mmoja. Mzee Tarmo akatazama viatu vyake. Saimi akainua kidevu.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Alionyesha kwa kidole geji ya bomba refu, ambayo mshale wake ulikuwa ukitetemeka.

"Na hili ni langu," alisema mbele ya wote. "Humu kuna hewa. Ijumaa nilihimizwa, nikaacha kabla haijaisha. Nilihimizwa, lakini aliyeacha ni mimi."

Uso wa Saimi uliwaka. Alimvuta mama kando, akamwuliza kwa nini anampa mzee yule fimbo ya kumchapia. Mama akamwambia ashike mpira wa pampu, hayo watayazungumza baadaye.

Wakaanza upya. Raija alifunga koki zote isipokuwa ya bomba refu, akaunganisha pampu. Saimi akazamisha mdomo wa mpira katika pipa la maji yaliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda. Mapovu yalitoka kwa fujo, pipa likatokota kama sufuria ya viazi. Vidole vya Saimi vikafa ganzi, asiuachie mpira. Mapovu yalipopungua, Mzee Tarmo alisema inatosha, watu wanaumia kwa baridi.

"Nenda ndani basi. Sisi tupo," Saimi alisema bila kugeuka.

"Kwa adabu," mama akamkanya, ila pampu hakuizima.

"Tafadhali nenda ndani, Mzee Tarmo. Sisi tupo."

Mzee hakwenda. Alibaki akikanyagakanyaga theluji mpaka maji yalipotoka laini, bila povu hata moja. Ndipo Raija akazibana koki za mabomba mafupi na kuliachia lile refu, akirudi tena na tena kuzirekebisha, hadi maji ya kila bomba yaliporudi na joto sawa.

Asubuhi mteremko ulikuwa ukifuka mvuke. Mzee Tarmo aliwaambia majirani kwamba koki aliifungua yeye, kisha akaenda hospitali kumwambia Bibi Lempi vivyo hivyo. Hakuna aliyemtuma.

Saimi alikuwa bado na kinyongo. Alimwambia mama kwamba wangeweza kushinda bila kusema habari za ile hewa.

"Tungeshinda," mama alijibu, "na mteremko ungebaki barafu. Ulivyosimama mbele ya wakubwa ukasema ulichokiona, usiache kamwe, mwanangu. Lakini ukweli si fimbo ya kuwachapia wenzako tu. Ukishaishika, anza na mgongo wako."