Vidole Vinne vya Masizi

Nyein Ei alimwogesha mwanawe mara tatu asubuhi ile, na bado mgongo wa mtoto ulinuka masizi ya sufuria.

Hnin alikuwa binti wa miezi minane. Alizaliwa na baka jeusi lililofunika nusu ya mgongo, limeota nywele laini. Daktari wa pale Pakokku hakuwaficha: baka kubwa namna hii huweza kugeuka saratani, na vidoadoa vipya vilivyochipuka pembeni havikumpendeza. Alitaka waanze kuliondoa Jumatatu. Lakini Daw Mya Kyi, mama yake Nyein Ei, alikataa katakata. Na kila daktari alipotajwa, nyumba ilijaa harufu ya thanaka, ule unga wa gome la mti aliokuwa akijipaka usoni Thuzar, marehemu dada yake Nyein Ei.

Jumatatu yenyewe, akimkausha mtoto, Nyein Ei aliona kitu alichokitazama miezi yote minane bila kukitambua. Baka lilikuwa kiganja. Vidole vinne, na cha kati kigutu. Mkono ule aliujua, ulikuwa wa mama yake, ndio uliomlisha utotoni, ndio ulioacha kidole kwenye mashine ya miwa, ndio uliomshika bega usiachie mpaka akakubali kuolewa na mgane wa dada yake kabla machozi ya msiba hayajakauka.

"Mama, ulimpaka Thuzar masizi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama aliendelea kuchambua dengu. "Nani asiyempaka maiti wake? Akizaliwa tena na alama, tumjue."

"Kwa hiyo ulinioza ili nimzae."

"Nilimtaka mwanangu."

"Na mimi je? Mimi ni nani wako?"

Aliyejibu ni mtoto, ambaye hakuwa na jino hata moja, kwa sauti ya mwanamke mzima aliyechoka.

"Mdogo wangu, usinikate."

Nyein Ei alimfunga mtoto mgongoni akashika njia ya hospitali. Aliyembeba alikuwa wake, na asipotibiwa angemzika. Mlangoni mama alimfuata. Hakugomba. Alimpapasa shingo polepole, akamwita mwanangu, akamtakia safari njema. Nyein Ei alilia njia nzima, na karibu amsamehe.

Hospitalini, muuguzi alimpokea mtoto, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, kwenu kuna msiba?"

"Hakuna."

"Sasa mbona umepakwa masizi kama maiti?" Muuguzi alinong'ona, hakutaka hata kumgusa. "Shingoni. Vidole vinne, na kigutu."

Nyein Ei alijishika shingo. Mkono ulirudi mweusi. Akataka kupiga kelele, sauti ikakataa, na kifua kikaanza kumbana taratibu hadi akateleza ukutani na kukaa sakafuni, harufu ya thanaka ikimjaa puani, huku Hnin akimwinamia kutoka mikononi mwa muuguzi na kumtazama kwa huruma.

"Usilie, mdogo wangu," mtoto alisema. "Zamu hii nitakuzaa mimi."